Simba aliyelala sakafuni: maisha ya Hackenschmidt na somo kwa vijana wetu wa vyuma

Leo nazungumza na vijana wanaopiga vyuma, na zaidi nazungumza na wazazi wao. Kutoka Likoni hadi Kisauni, kutoka Majengo hadi Malindi, ni nadra siku hizi kukosa jimu mtaani. Nyengine ina vioo na viyoyozi. Nyengine ni banda la mabati lenye benchi moja la mbao, mtaimbo uliochomelewa na fundi wa mtaa, na makopo ya saruji pande zote mbili. Baada ya Isha hujaa vijana, na katika Ramadhani hujaa baada ya tarawehe hadi karibu na daku.

Mimi ni katika wanaofurahi. Tumezika vijana wengi kwa sababu ya unga, na kila mzazi wa Pwani anajua nyumba moja au mbili zilizoungua kwa moto huo. Kijana anayetoka jasho kwenye benchi usiku ni bora mara mia kuliko aliyejikunja kichochoroni. Kwa hiyo asinielewe mtu kwamba nazipiga vita jimu. Ninachopiga vita ni tabia moja: kijana kulala chali peke yake, akajitwika kilo ambazo hajawahi kuziinua, hapana mtu wa kusimama kichwani kwake. Ukimwambia atafute mwenzake, yule ambaye wao humwita spota, hukujibu kwamba wanaume wa zamani hawakuwa na mambo hayo. Walilala, wakainua, wakaamka.

Jawabu hilo ndilo lililonipeleka kwenye maisha ya mmoja wa hao wanaume wa zamani. Jina lake ni George Hackenschmidt, na dunia ya michezo ilimwita Simba wa Urusi. Kama kuna mtu aliyeweka msingi wa zoezi hili la kulala na kusukuma chuma juu, basi ni yeye. Maisha yake, ukiyasoma vizuri, hayamuungi mkono kijana wetu hata kidogo.

Mtoto wa mtia rangi

Hackenschmidt alizaliwa mwaka 1877 katika mji uliokuwa ukiitwa Dorpat, ambao leo ni Tartu katika nchi ya Estonia. Wakati huo sehemu hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, ndiyo sababu ya lakabu yake. Babake alikuwa Mjerumani wa pande zile za Baltic, na kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi. Haikuwa nyumba ya mabingwa. Ni nyumba ya watu wa kazi, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale ambazo riziki yake ni mikono ya baba.

Tangu utotoni alikuwa mtoto wa mbio, kuruka na mazoezi. Alipomaliza shule alikwenda Reval, mji ambao sasa ni Tallinn, akaanza kujifunza kazi katika kiwanda cha uhandisi. Mchana alikuwa mwanafunzi wa ufundi, jioni alikuwa kwenye klabu ya riadha na baiskeli. Huko ndiko alikoanza vyuma na miereka. Mwaka 1896 alipambana na Georg Lurich, mwanamieleka wa kulipwa aliyekuwa akizunguka miji, na akashindwa. Napenda kuitaja mechi hiyo, kwa sababu vijana wetu hudhani kwamba bingwa huzaliwa bingwa. Huyu alianza kwa kubwagwa.

Kilichobadilisha maisha yake si ushindi bali ni ajali. Aliumia kazini, na katika kutafuta matibabu akakutana na daktari kutoka St. Petersburg aliyeitwa Vladislav von Krajewski. Daktari huyu alikuwa mtu mzito, tabibu wa wakubwa wa nchi, na wakati huo huo alikuwa mpenzi mkubwa wa vyuma. Alikuwa ameanzisha klabu ya wanyanyua vyuma, na Warusi wanamhesabu kuwa baba wa mchezo huo kwao. Alimpima yule kijana, akauona mwili wake, akamwambia aache kiwanda na ahamie nyumbani kwake. Mwaka 1898 Hackenschmidt akafunga virago.

Nyumba yenye macho

Hapa ndipo nataka msomaji atue kidogo. Nyumba ya Krajewski ilikuwa na ukumbi wa mazoezi uliojaa vyuma vya kila namna. Wenye nguvu kutoka nchi mbalimbali walipitia pale, wakainua, wakatazamana, wakasahihishana. Daktari aliangalia chakula cha kijana wake, usingizi wake na uzito anaoinua. Kijana hakunywa pombe wala hakuvuta sigara. Alikunywa maziwa mengi ajabu, zaidi ya lita 6 kwa siku kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe. Ndani ya muda mfupi akawa anainua zaidi ya kilo 120 kwa mkono mmoja hadi juu ya kichwa.

Kwa hiyo huyu ambaye vijana wanamtaja kama mfano wa mwanamume wa peke yake, alitengenezwa ndani ya nyumba iliyojaa macho. Alikuwa na daktari, alikuwa na wenzake, alikuwa na mwalimu. Hakuna siku aliyojifungia chumbani na mtaimbo akasema Mungu yupo. Mungu yupo kweli, na ndiye aliyetuamrisha tufunge ngamia kwanza kisha tutawakali.

Sakafu ndiyo iliyokuwa spota wake

Sasa tuje kwenye zoezi lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, Hackenschmidt alilala chali akasukuma juu mzigo wa takriban kilo 164. Rekodi hiyo ilidumu karibu miaka 18, hadi Mmarekani Joe Nordquest alipoivunja mwaka 1916, tena kwa tofauti isiyofika hata kilo moja. Hebu fikiria: kilo 164 ni zaidi ya magunia matatu ya kilo 50 ya saruji. Hadi leo kuna majimu mengi hapa Pwani ambayo hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuzisukuma hizo.

Lakini alilala wapi? Hakulala kwenye benchi. Mabenchi yenye nguzo za kuwekea chuma, haya tunayoyajua sisi, yalikuja kuenea miongo kadhaa baadaye. Alilala sakafuni. Mtaimbo ulikuwa na sahani kubwa za duara kila upande, kubwa kiasi kwamba chuma chenyewe kilikaa juu ya ardhi na kuacha nafasi ya kichwa kupita chini yake. Aliuviringisha mtaimbo ukapita juu ya uso wake hadi ukafika kifuani, kisha akasukuma.

Angalia hesabu ya mambo hapo. Mikono ingemshinda, kingetokea nini? Viwiko vingegusa sakafu, sahani zingegusa sakafu, na sakafu ingebeba mzigo wote. Chuma kingebaki kimening'inia juu yake bila kumkandamiza shingo. Akitaka angekiviringisha kirudi kilikotoka. Yaani sakafu ndiyo iliyokuwa spota wake, na zile sahani kubwa ndizo zilizokuwa nguzo zake za usalama.

Kijana wetu amelala juu ya benchi lililoinuka kiasi cha nusu mita kutoka chini. Sahani zake, au makopo yake ya saruji, yako hewani pande zote mbili. Mikono ikimshinda, hakuna kitu chochote baina ya mtaimbo na mwili wake. Utashuka kifuani, na kama utateleza utaelekea shingoni. Kilo 60 tu, ambazo kijana huzidharau, zinatosha kumziba mtu pumzi ikiwa zimekaa kooni na mikono imekwisha. Kwa hiyo kusema kwamba wazee waliinua bila ya mtu ni kuchukua nusu ya habari. Hawakuwa na mtu kichwani, lakini walikuwa na ardhi mgongoni.

Tukaondoa ardhi, tukaleta benchi, kwa sababu benchi linaruhusu mikono ishuke zaidi na kifua kifanye kazi zaidi. Ni sawa. Ila ukiondoa ulinzi mmoja lazima ulete mwengine. Ndiyo maana katika mashindano rasmi ya kunyanyua vyuma, ambako wapo watu wanaosukuma zaidi ya kilo 200, benchi haliachwi bila ya wasimamizi waliosimama tayari kukipokea chuma. Kama wale wanaoshikiwa ni mabingwa wa dunia, kijana wa miezi mitatu jimu anaona haya ya nini?

Kutoka Paris hadi London

Baada ya St. Petersburg, Hackenschmidt aliacha kuwa mnyanyua vyuma tu akawa mwanamieleka. Alipigana Ufaransa, Ujerumani, Austria, kisha mwaka 1902 akaingia Uingereza. Huko wakati ule kumbi za burudani zilikuwa kama sinema na televisheni kwa pamoja, na yeye akawa nyota wake. Kijana mzuri wa sura, mpole wa maneno, mwili kama sanamu. Watu wa makamo na vibarua walijazana kumtazama.

Januari 1904 alipambana na Ahmed Madrali katika ukumbi wa Olympia, London. Madrali alikuwa Mturuki, Muislamu mwenzetu, pande la mtu lililomzidi Hackenschmidt kwa uzito. Inasimuliwa kwamba magari ya farasi yaliziba njia zote za kuelekea ukumbini. Pambano lenyewe halikufika hata dakika moja. Hackenschmidt alimnyanyua, akambwaga, na Madrali akaangukia mkono wake, ukateguka. Mchezo ukaishia hapo. Wengine husimulia kisa hiki kama sifa ya Simba. Mimi nakiona pia kama ukumbusho wa jinsi kiungo cha binadamu kilivyo chepesi. Pande la mtu lililoogopewa Ulaya nzima liliondolewa kazini na kuanguka kumoja kubaya.

Mwaka huo huo alimshinda Mmarekani Tom Jenkins katika ukumbi wa Royal Albert, na mwaka 1905 akamfuata kwao New York akamshinda tena. Kuanzia hapo akahesabiwa bingwa wa dunia.

Chicago mara mbili

Kisha kukaja Chicago. Aprili 1908 alipambana na Frank Gotch, kijana wa Iowa, mkali, mwenye hila nyingi. Waandishi wengi wa michezo wanasema Hackenschmidt alimdharau, hakujiandaa inavyotakiwa, akaridhika na matembezi kandokando ya ziwa. Walivutana kwa zaidi ya saa mbili. Upande wa Hackenschmidt ulilalamika kwamba Gotch alijipaka mafuta na kutumia ngumi na vidole. Iwe ilivyokuwa, pumzi zilimwishia Simba na akasalimu amri.

Mechi ya marudiano ilipangwa Septemba 1911, mji ule ule, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park. Safari hii alifanya mazoezi kweli kweli. Lakini kabla ya siku kufika, goti lake, ambalo lilikuwa likimsumbua kwa miaka, liliumia vibaya mazoezini. Miaka mingi baadaye zilizuka hadithi kwamba mmoja wa waliofanya naye mazoezi alilipwa ili amuumize. Wapo wanaoziamini na wapo wanaozikataa. Lisilo na ubishi ni kwamba goti lilikuwa bovu, naye alijua kwamba ni bovu.

Watu karibu 30,000 walikuwa wamefika. Pesa zilikuwa zimekwisha kupokewa. Akaingia ulingoni. Gotch, ambaye hakuwa mjinga, alilifuata lile goti. Katika muda wa kama dakika 20 kwa jumla Hackenschmidt alikuwa ameangushwa mara mbili, na watazamaji wakatoka wakinung'unika kwamba wameibiwa. Baada ya hapo taa ya miereka ya kulipwa Marekani ilififia kwa muda, na maisha ya Simba katika ulingo yakafika mwisho. Alikuwa na miaka 34 tu.

Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayoniuma zaidi. Mtu huyu aliijua elimu ya mwili kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametoa kitabu, The Way to Live, akiwafundisha watu kwenda pole pole, kupumzika na kutouchokesha mwili kupita kiasi. Lakini macho ya watu 30,000 yalimzidi nguvu. Kijana wetu macho yake si 30,000. Ni wenzake watano na simu moja inayomrikodi. Lakini kazi inayofanya macho hayo ni ile ile: yanamfanya asiweze kutamka kwamba leo mwili hautaki.

Uzee wa Simba

Hadithi haikuishia Chicago, alhamdulillahi. Hackenschmidt aliishi miaka 56 mengine mizima baada ya siku ile. Alisoma, akaandika vitabu vya falsafa, akatoa mihadhara, aliishi Ufaransa kisha akahamia London moja kwa moja na kuchukua uraia wa Uingereza. Alikuwa mtu wa lugha nyingi. Uzeeni alikula zaidi matunda, njugu na mboga mbichi, na inasimuliwa kwamba akiwa na miaka zaidi ya 80 bado alikuwa akiruka juu ya kiti kama zoezi. Alifariki London Februari 1968, akiwa na miaka 90. Wanyanyua vyuma wengi wa leo hawajui hata kwamba lile zoezi la kuchuchumaa huku chuma kikiwa nyuma ya miguu linahusishwa na jina lake.

Kwa hiyo mizani ya maisha yake iko hivi. Kilo 164 zilidumu miaka 18, kisha mtu mwengine akazipita. Ubingwa ulidumu miaka mitatu. Mwili aliouhifadhi ndio uliodumu miaka 90. Dini yetu inatufundisha kwamba mwili ni amana na kwamba tutaulizwa tumeufanyia nini. Sioni mfano ulio wazi zaidi ya huu.

Tufanye nini majimuni mwetu

Nimezungumza na wenye uzoefu, na haya wanayoyasema hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, asiyekuwa na mtu wa kumshikia asiinue uzito wa kujijaribu. Afanye uzito anaoumudu na aache akiwa bado na nguvu ya mara mbili tatu. Akitaka kusukuma peke yake, ashuke sakafuni kama Simba mwenyewe. Lakini akumbuke kwamba makopo madogo ya saruji hayana ule urefu wa sahani zake, kwa hiyo hata huko chini asizidishe.

Pili, anayeshika ashike kweli. Asimame nyuma ya kichwa cha mwenzake, wakubaliane kabla ni mara ngapi, neno gani litakuwa la kuomba msaada, na nani atakiondoa chuma kwenye nguzo. Mikono iwe karibu na chuma muda wote, na simu ikae mfukoni. Uzito ukiwa mkubwa sana, wawe watu wawili au watatu, mmoja kichwani na wengine pembeni, na wanyanyue kwa pamoja.

Tatu, kidole gumba kizunguke chuma. Wako wanaokiacha upande mmoja na vidole vingine, ati wanasikia raha ya kifundo. Chuma kikiteleza katika kiganja chenye jasho la Mombasa hakina breki.

Nne, wenye majimu. Fundi anayechomelea mageti mtaani anaweza kuchomelea vyuma viwili vya pembeni mwa benchi, vya urefu wa kupokea mtaimbo kabla haujafika shingoni. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na msiba mmoja. Na pasiwe na usiku ambao jimu liko wazi bila ya mtu mzima ndani.

Tano, wakati wa Ramadhani. Mwenye saumu asiende kujaribu uzito mpya alasiri, hana maji mwilini na kichwa kinazunguka. Kuna usiku mzima.

Na wazazi, msikimbilie kukataza. Mtoto mkimtoa jimuni mchana hamjui mtamkuta wapi usiku. Nendeni mkaangalie. Ulizeni nani anamshikia kijana wenu chuma, kama mnavyouliza nani anamsomesha chuo. Pwani yetu haijawahi kumuachia mtu mmoja mzigo mzito: jeneza tunapokezana, jahazi tunalivuta kwa pamoja, harusi tunachangiana. Sijui ni lini tuliamua kwamba mtaimbo peke yake ndio wa kubebwa na mtu mmoja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awape afya na akili ya kuitunza. Amin.